Walikufa kwa nini? Vifo vya Bethnal Green, nikivisoma hapa Goma

Kwa miaka sita nimekuwa reko, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea katika mtaa wetu hapa Goma, na asubuhi nyingi utanikuta ufukweni Kituku nikiwa na chupa ya klorini na bomba la sindano, nikitia kipimo katika kila bidoni, yaani dumu la maji, linalojazwa ziwani kabla halijapakiwa kwenye chukudu, kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, au kubebwa mgongoni na mtoto. Nina madaftari mawili. La kwanza ni la mabidoni, nalo halina shida, kwa kuwa kuhesabu mabidoni ni kazi ya macho tu. La pili ni la vifo vya nyumba ninazozitembelea, na mistari yake nimeichora mwenyewe: tarehe, umri, mwanamume au mwanamke, avenyu, kisha safu ya mwisho, sababu ya kifo. Jioni ninapoisoma safu hiyo moyo unaniuma, kwa sababu imejaa maneno niliyoambiwa kwenye kilio na kuyaandika jinsi yalivyo: tumbo, homa, alivimba, aliamka hajambo na jioni hakuwepo, siku zake zilitimia.

Ni safu hiyo iliyonifanya nianze kusoma habari za Bethnal Green, mtaa wa wafumaji wa hariri na vibarua upande wa mashariki wa London, katika enzi ya Malkia Victoria aliyetawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901. Nilikuwa nikitafuta jinsi watu wengine walivyojifunza kuijaza safu ya mwisho, nami nikakuta watu waliohangaika nayo miaka mingi, wakikosea, wakibishana, na mara nyingine wakiandika maneno yaleyale ninayoandika mimi.

Kabla ya mwaka 1837 makanisa ya Uingereza yaliandika maziko, si vifo, na asiyezikwa na kanisa rasmi la nchi mara nyingi hakuandikwa humo. Sheria iliyopitishwa mwaka 1836 ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1837, na tangu siku hiyo kila eneo la Uingereza na Wales lilikuwa na msajili aliyepokea habari za kuzaliwa, ndoa na kufa. Mtu aliyekuwapo wakati wa kufa, au mwenye nyumba, alikwenda kwa msajili akaeleza. Asiyejua kuandika alitia alama ya msalaba. Maelezo hayo yalinakiliwa na kupelekwa London. Katika miaka ya mwanzo hapakuwa na lazima ya daktari kuthibitisha chochote, kwa hiyo sababu ya kifo ilikuwa ile aliyoitaja jirani, au mjane, au mama aliyekuwa bado analia. Ilikuwa mpaka sheria ya 1874 ndipo daktari aliyemhudumia marehemu alipolazimika kutoa cheti cha sababu. Hata hapo watoto waliozaliwa wafu hawakusajiliwa, nao hawamo katika hesabu yoyote ya wakati ule ninayoitaja hapa.

Mtu aliyekabidhiwa kuyapanga maneno hayo yote alikuwa daktari William Farr, mwana wa familia maskini ya mashambani, aliyeanza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1830 na kuiacha mwaka 1880. Tangu mwanzo alilalamika kwamba ugonjwa mmoja ulikuwa ukiandikwa kwa majina matatu au manne, na jina moja likabeba magonjwa kadhaa, naye akashikilia kwamba majina ya magonjwa ni muhimu kwa kazi yake kama vile mizani na vipimo vilivyo muhimu kwa sayansi nyingine. Ninapolisoma jambo hilo nalifikiria neno letu homa. Katika daftari langu homa inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa tifoide, inaweza kuwa nimonia ya mtoto wa miezi mitano. London nayo ilikuwa na neno la namna hiyo: homa inayoenezwa na chawa na homa ya matumbo inayoenezwa na maji na chakula zilihesabiwa pamoja, ingawa daktari William Jenner alikuwa ameonyesha karibu na mwaka 1850 kwamba ni magonjwa mawili. Ripoti za serikali zilianza kuyatenganisha mwaka 1869. Kwa miaka karibu 20 ujuzi ulikuwepo, na safu ya mwisho ikawa haijaufikia.

Lakini kisa kilichonigusa kuliko vyote kinahusu neno moja, nalo ni njaa. Katika taarifa yake ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1839, Farr aliandika vifo 63 kuwa ni vya njaa. Ukitazama maelfu ya vifo vya taarifa ile, 63 ni tone. Hata hivyo Edwin Chadwick, katibu wa tume iliyosimamia misaada ya maskini, alikasirika, kwa sababu serikali iliyokwisha kutunga sheria kali ya kupunguza misaada haikuweza kukubali kirahisi kwamba kuna raia wanaokufa kwa kukosa chakula. Alidai maelezo ya kila kifo, akitaka kuonyesha kwamba waliokufa walikuwa wagonjwa, au walikataa msaada, au walikuwa watoto waliokosa maziwa ya mama. Farr hakurudi nyuma. Alijibu kwamba njaa inaua wengi zaidi ya wale wanaoandikwa, kwa kuwa mara nyingi hujificha ndani ya ugonjwa mwingine, na mtu aliyedhoofika kwa kukosa chakula huchukuliwa na homa au kuhara ambavyo mwenye nguvu angevishinda. Mimi nimemwona mtoto wa namna hiyo. Nywele zilikuwa zimegeuka rangi, miguu imevimba, na kilichomwondoa kilikuwa surua. Niliandika surua. Baada ya kusoma ugomvi ule nilirudi kwenye mstari wake nikaongeza maneno mawili pembeni, utapiamlo mkali, na sikuona kwamba ninamvunjia mama yake heshima, kwa sababu mume wake alikuwa hana kazi na yeye alikuwa akiuza makaa kutwa nzima bila kupata bei ya unga.

Haki inanitaka niseme kwamba huyohuyo Chadwick ndiye aliyeandaa, mwaka 1842, ripoti kuhusu hali ya usafi wa makazi ya vibarua iliyobadilisha mambo. Humo Bethnal Green inatajwa kwa tarakimu tatu: wastani wa umri wa kufa kwa watu wenye hadhi na familia zao ulikuwa miaka 45, kwa wafanyabiashara miaka 26, na kwa mafundi, watumishi na vibarua miaka 16. Wengi huisoma 16 wakadhani kwamba kibarua wa Bethnal Green alikufa akiwa kijana asiye na ndevu. Sivyo. Wastani unaburutwa chini na watoto wachanga. Katika Uingereza ya wakati ule mtu aliyefikisha miaka 20 aliweza, kwa wastani, kutarajia miaka mingine karibu 40. Hatari kubwa ilikuwa mwanzoni, na katika nchi nzima watoto 150 hivi kati ya 1,000 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Idadi hiyo haikushuka kwa dhati mpaka malkia mwenyewe alipokuwa amekwisha kufa.

Watoto hao waliandikwa kwamba wamekufa kwa nini? Hapa ndipo nilipoinua macho kwenye ukurasa na kutazama nje. Maelfu waliandikwa kwa degedege, na wengine wengi kwa kuota meno. Sisi tunaojua Kiswahili hatuhitaji kuelezwa degedege ni nini, na bibi zetu walikuwa na maelezo yao kuhusu ndege anayepita juu ya nyumba usiku, lakini degedege ni alama inayoonekana wakati mwili wa mtoto umeshambuliwa na kitu kingine, kama malaria, homa kali au ugonjwa wa ubongo. Vivyo hivyo meno. Mpaka leo ninaambiwa kwenye ziara zangu kwamba mtoto anahara kwa sababu meno yanatoka, nami huwa nauliza tu kama ameanza kutambaa. Mtoto huota meno katika miezi ileile anayoanza kutambaa sakafuni, kutia kila kitu mdomoni na kupewa uji na maji, na hivyo ndivyo vinavyomletea kuhara. Jino hubeba lawama kwa sababu ndilo linaloonekana.

Kiangazi cha London kiliongeza vifo hivyo kila mwaka. Maziwa ya ng'ombe yalifika yakiwa yamekaa bila baridi, nzi walitoka kwenye samadi ya farasi waliojaa mitaani, na chupa za kulishia zilikuwa na mpira mrefu usioweza kusafishwa ndani. Mama aliyekwenda kufanya kazi alimwacha mtoto kwa mlezi, na mlezi alikuwa na dawa tamu ya kutuliza iliyonunuliwa dukani kwa senti chache, yenye afyuni ndani yake, hivyo mtoto alilala, hakuomba kunyonya, akakonda. Watoto walionyonyeshwa na mama zao walipona zaidi. Jambo hili ninalisema kila wiki kwenye mazungumzo na akina mama, na naona faraja kubwa kwamba maziwa ya mama maskini wa Bethnal Green yalimlinda mwanawe kuliko chupa ya nyumba yenye uwezo.

Kwa watu wazima, muuaji mkubwa kuliko wote alikuwa kifua kikuu. Kipindupindu kilitisha kwa sababu kilikuja kwa ghafla, lakini kifua kikuu kiliua mwaka hadi mwaka bila kupumzika, hasa watu wa kati ya miaka 15 na 45, waliokuwa wakilea na kufanya kazi. Wafumaji wa Bethnal Green walifunga madirisha yao, na familia nzima ilikula, ikalala na kukohoa ndani ya chumba kilekile chenye kitanda cha kufumia. Robert Koch aliitangaza bakteria yake mwaka 1882, na kabla ya hapo wengi walidhani ni ugonjwa wa ukoo, kwa kuwa uliwamaliza ndugu mmoja baada ya mwingine. Baada ya hicho walifuata mkamba na nimonia katika miezi ya baridi na moshi wa makaa ya mawe. Kisha surua, kifaduro, dondakoo na homa ya vipele vyekundu kwa watoto. Na uzazi, ambao kwa enzi yote ile ulichukua karibu mama mmoja katika kila uzazi 200.

Sasa nifike kwenye kipindupindu, ambacho sisi wa Goma tunakiita kolera na tunakijua kama jirani. Kiliipiga London mwaka 1832, kikarudi 1849, 1854 na 1866. Habari za daktari John Snow, aliyeshikilia kwamba kipindupindu hubebwa na maji, na bomba la maji la Broad Street mwaka 1854 zimesimuliwa mara nyingi, nami sitazirudia. Mwaka 1866 unanivutia zaidi, kwa sababu safari hiyo Bethnal Green ilikuwa ndani kabisa, na kilichofichua chanzo kilikuwa orodha za vifo.

Kufikia mwaka huo sehemu kubwa ya London ilikuwa imeunganishwa na mifereji mipya ya maji taka iliyojengwa na mhandisi Joseph Bazalgette. Mashariki kazi ilikuwa haijakamilika. Mwishoni mwa Juni kibarua mmoja na mkewe walikufa kwa kipindupindu huko Bromley, karibu na Mto Lea, na choo chao kilimwaga mtoni. Mwezi wa Julai vifo vikapanda kwa kasi. Farr, ambaye kila wiki alichapisha vifo vya kila eneo dogo, aliona kwamba vimerundikana mashariki, Bethnal Green, Whitechapel, Stepney, Poplar, huku mitaa mingine maskini ya jiji ikibaki karibu salama. Kama chanzo kingekuwa hewa chafu, kama yeye mwenyewe alivyoamini mwaka 1849, basi hewa hiyo ilifuata mipaka ya ajabu. Alipouweka mchoro wa vifo juu ya eneo lililouziwa maji na kampuni moja, viwili hivyo vikalingana.

Mhandisi wa kampuni aliandika gazetini kwamba hakuna tone la maji yasiyochujwa lililopelekwa kwa wateja. Wateja wawili wakajitokeza kusema kwamba wamekuta mikunga ndani ya mabomba ya nyumba zao. Mkunga ni samaki mrefu kama nyoka, hawezi kupita kwenye mchanga wa kuchujia, hivyo maji yaliyomleta yalitoka kwenye mabwawa yasiyofunikwa ya Old Ford, kando ya Mto Lea. Matangazo yakabandikwa kuwaonya watu wa mashariki wasinywe maji ambayo hayajachemshwa. London ilipoteza watu 5,596 katika mlipuko ule, wengi wao wa upande huo. Farr alikubali hadharani kwamba maji ndiyo yaliyobeba ugonjwa. Snow, aliyekuwa amelisema hilo tangu 1849, alikuwa amekufa miaka minane kabla.

Ninajiuliza mara nyingi ingekuwaje kama karani wa Bethnal Green angeandika tumbo. Watu wangezikwa vilevile, lakini Farr asingeona kitu.

Mwaka 1994, mwezi wa Julai, nilikuwa na miaka 11. Wakimbizi kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Goma kutoka Rwanda kwa siku chache, na maji ya karibu yalikuwa ziwa. Mji wetu umejengwa juu ya makoro, mawe ya volkeno ya Nyiragongo, ambayo hayachimbiki kwa jembe, kwa hiyo vyoo havikuchimbika na makaburi hayakuchimbika. Kolera ilianza, ikafuatwa na kuhara damu. Inakadiriwa kwamba karibu wakimbizi 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Idadi hiyo ilitokana kwa sehemu kubwa na kuhesabu maiti zilizokusanywa kando ya barabara na malori, na mimi niliyaona malori hayo. Aliyehesabiwa hivyo hana umri, hana avenyu, hana jina.

Jambo linaloniumiza ni kwamba dawa ya kolera si ya ajabu. Anayeugua hutokwa na maji kama maji ya mchele, na ukimrudishia maji na chumvi anazopoteza, kwa mdomo au kwa mshipa, karibu wote hupona. Ukimwacha, katika hali kali karibu nusu hufa. Mwaka 1832 daktari Thomas Latta, huko Leith nchini Scotland, aliwatia wagonjwa wake maji ya chumvi kwenye mshipa, na baadhi yao walioonekana wamekwisha wakaketi na kuzungumza. Alikufa mwaka uliofuata, na wenzake wakaendelea kwa miaka mingi kuwatoa damu wagonjwa wa kipindupindu na kuwapa zebaki. Kila nikikoroga pakiti ya seromu, yaani chumvi na sukari za kumrudishia mgonjwa maji, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa namfikiria mtu huyo.

Kuna kipande cha Bethnal Green kilichoitwa Old Nichol, ambako vifo vilikuwa karibu mara mbili ya vile vya London kwa ujumla, na mtoto mmoja hivi kati ya wanne hakutimiza mwaka. Katika miaka ya 1890 baraza la jiji lilibomoa nyumba zote na kujenga mpya, zilizofunguliwa mwaka 1900. Mtaa ukawa na afya. Lakini kodi ya nyumba mpya iliwashinda waliobomolewa, na wachache mno kati yao walirudi. Wengine walihamia mitaa ya jirani na kujazana huko. Ninalitaja hili kwa sababu orodha ya vifo inaweza kupendeza kwa kuwa wanaokufa wamehamishiwa orodha nyingine, na yeyote anayefurahia tarakimu za mtaa wake aulize kwanza waliokuwa wakiishi pale wako wapi.

Mwezi uliopita nilimwendea mama yangu na daftari la pili. Ndogo yetu wa mwisho alikufa Agosti 1994, na katika familia imesemwa siku zote kwamba ni tumbo. Hakuna karatasi yoyote, wala kwenye komini, ofisi ya serikali ya mitaa, kwa maana mwezi ule hakuna aliyekwenda komini. Niliogopa kumuuliza, lakini alikuwa kama aliyesubiri miaka mingi kuulizwa. Alikumbuka kila kitu. Ilianza alfajiri ya Jumatano, bila homa, bila damu. Maji meupe, mengi, yasiyo na harufu ya choo. Saa sita macho yalikuwa yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama. Jioni hakuwa na machozi. Alikata roho kabla ya Alhamisi kupambazuka. Maji ya nyumbani yalikuwa ya ziwa, na kuni za kuyachemsha zilikuwa zimekwisha mjini.

Niliandika: mvulana, miezi 14, Majengo, kolera, kukaukiwa maji, chini ya siku moja, maji ya ziwa yasiyochemshwa. Nikamsomea. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, andika pia kwamba alikuwa ameshaanza kutembea." Safu ilikuwa imejaa, kwa hiyo nililiandika hilo pembeni.